Mizani ya Pamba na Kura ya Rais

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa, si mbali na mji wa Mwanza, aliishi mtu aliyekuwa na desturi ya kuijaribu mizani kabla ya kupima kitu chochote. Aliigusa ndoana ikiwa tupu, akautazama mshale mpaka utulie, na kama mshale haukurudi mahali pake hakupima hata ratili moja, wajapokuwa watu wamesimama na magunia yao katika jua la saa saba. Desturi hiyo aliipata ujanani, nayo ikamfuata mpaka penye sanduku la kura. Habari ya mtu mmoja ni ndogo ikilinganishwa na habari ya nchi. Walakini uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Tanganyika, uliofanyika tarehe 1 Novemba 1962, huenda ukaonekana vema zaidi kutoka katika banda la pamba kuliko kutoka Ikulu, maana watu wa Usukuma walijua kupima na kupimiwa kabla ya kujua kupiga kura.

Pamba ya nchi hiyo hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zianzapo, huvunwa kiangazi, hutengwa mafungu mawili, safi na fifi, kisha huchukuliwa gulioni ikauzwe. Kabla ya ushirika kupata nguvu, gulio lilikuwa mikononi mwa wafanya biashara wa Kihindi na wenye vinu vya kuchambulia pamba. Miongoni mwao walikuwamo waaminifu. Lakini mkulima asiyejua tarakimu hana njia ya kumtenga mwaminifu na mwizi. Wote wawili humtajia hesabu, na wote wawili humhesabia fedha mkononi. Hurudi nyumbani na shaka, na shaka ni hasara hata pale ambapo fedha ni kamili. Kila kijiji kilikuwa na manung'uniko yake. Ilisemwa kwamba mpimaji huliinua gunia kidogo kwa goti, au huusoma mshale kabla haujatulia, au huziacha ratili za mwisho kana kwamba ni vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima na wafanya biashara Waafrika wa Mwanza wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe magulioni, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuchunguza kila mzigo. Mtu wa habari hii alikuwa mmoja wa vijana hao. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, na ilimtosha.

Aliyekuwa mbele katika jambo hilo ni Paul Bomani, mwana wa mhubiri wa Kisabato, aliyezaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma. Alikuwa katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza akiwa bado kijana, kisha akawaunganisha wakulima wa pamba, na mwaka 1955 vyama vyao vikafungamana kuwa shirikisho lililojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Shirikisho hilo lilikua upesi mno likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima, likawa na vinu vyake lenyewe. Ni vigumu kumweleza msomaji wa leo fahari iliyokuwako katika mambo hayo. Mkulima aliyezoea kusimama nje ya dirisha la karani aliingia ndani, akamkuta karani ni mtoto wa jirani yake.

Siasa ilichelewa huko, si kwa kupenda kwa watu. Serikali ya Waingereza ilikizuia chama cha TANU kufanya kazi Usukuma tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Kwa muda huo ushirika ulibeba mzigo wa pamba na mzigo wa maneno pia, na aghalabu mkutano ulioitishwa kwa ajili ya bei uliishia katika habari za utawala. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la rangi mbalimbali walilotaka kubandikwa, wakaenda Mwanza kulalamika. Mpimaji wa pamba aliwaona. Alikuwa akisema baadaye kwamba siku hiyo ndipo alipofahamu kuwa watu wanaweza kuikataa mizani yenyewe, si ratili zake tu.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ukafanyika kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. Huo ndio uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena haki yenyewe ilipimwa kwa elimu, au kwa kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au kwa cheo. Mpimaji hakuwa na kimojawapo. Alipima mali ya watu kwa maelfu ya ratili, lakini yeye mwenyewe alipowekwa juu ya mizani ya Serikali alionekana hafiki uzito. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Hata hivyo katika majimbo 58 kati ya 71 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani, na watu wengi wa nchi wakapata wabunge bila ya kupiga kura. Kwa hiyo ilipofika Novemba 1962, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru karibu mwaka mzima, mpimaji huyu alikuwa hajaiona karatasi ya kura kwa macho yake.

Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulimwacha Malkia wa Uingereza kuwa mkuu wa nchi, na mahali pake akikaa Gavana Mkuu. Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu tarehe 22 Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchini kukijenga chama. Serikali ikatangaza kwamba nchi itakuwa Jamhuri, na Rais atachaguliwa na watu wazima wote, mwanamume na mwanamke, aliyesoma na asiyesoma. Majina mawili yakasimama. La kwanza lilikuwa la Nyerere mwenyewe, mtu wa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa lile lile. La pili lilikuwa la Zuberi Mtemvu, aliyejitenga na TANU mwaka 1958 kwa sababu ya kuikataa kura tatu, akaanzisha chama cha African National Congress, kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Hapana aliyekuwa na shaka juu ya mshindi. Katika kijiji cha mpimaji watu walishangaa kwa nini wapotezewe siku, na mvua za kwanza zilikwisha kunyesha na ardhi ilikuwa ikingoja jembe. Jirani mmoja alisema kwamba kumpigia kura Mwalimu ni kama kulipigia kura jua lichomoze. Mpimaji alimwacha aseme. Alfajiri ya siku hiyo alimkuta mkewe amekwisha kuvaa kanga mpya na kumfunga mtoto mgongoni.

"Mama watoto, wewe nawe unakwenda?" aliuliza, kwa mzaha.

"Baba watoto, nakwenda. Pamba nalima mimi, na siku ya gulio wewe ndiwe huitwa jina. Leo nimeambiwa nitaitwa jina langu."

Akanyamaza. Waliongozana gizani, mke mbele kwa mara hii, maana njia ilikuwa nyembamba naye alikuwa na haraka. Kituoni walikuta mstari umekwisha kuwa mrefu, wanawake wengi wakiwa na majembe, waliokusudia kupitia shambani baadaye. Jina la mke liliitwa kama alivyoambiwa. Mpimaji alipoingia alikaa na karatasi yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hata msimamizi akakohoa. Hakuwa akisita. Alikuwa akiyatazama majina mawili, akafikiri habari za mizani ya dukani yenye vitanga viwili: ukiweka sukari kitanga kimoja na kile kingine ukakiacha mikononi mwa mwenye duka, hujapima, umeamini tu. Kisha akampa kura yake Nyerere, kama alivyokusudia tangu siku ya kwanza.

Hesabu ilipotangazwa, Nyerere alikuwa amepata kura 1,127,978 na Mtemvu 21,276. Zilikuwa zaidi ya 98 katika kila mia. Tarehe 9 Desemba 1962 Jamhuri ikazaliwa. Magazeti yalikisifu kile kitanga kizito, nayo yalikuwa na haki, kwa kuwa ushindi kama huo hata Kwame Nkrumah hakuupata Ghana mwaka 1960, alipopata kura 1,016,076 na J. B. Danquah 124,623. Mpimaji alikuwa na jambo lake jingine. Aliwataka vijana waliojua kusoma wamsomee ile hesabu ndogo, akairudia mara mbili kwa ulimi: elfu ishirini na moja, mia mbili sabini na sita. Alisema kwamba mtu aliyezihesabu kura zile mpaka ile sita ya mwisho ni mtu wa kuaminiwa, kwa sababu mwizi wa mizani huanza kwa kuzidharau ratili za mwisho.

Yafaa kusemwa hapa, ingawa ni kando ya njia, kwamba majirani hawakuwahi kupata siku kama ile kwa muda mrefu. Watu wa Kenya hawakumchagua Rais wao kwa kura ya watu wote kati ya majina zaidi ya moja mpaka mwaka 1992, na wa Uganda mpaka 1996. Tanganyika ilianza mapema. Jambo la kustaajabisha ni kwamba baada ya kuanza ilisimama.

Mtemvu alirudi TANU mwaka 1963. Mwanzoni mwa mwaka huo huo chama kilikwisha kuamua kwamba nchi iwe na chama kimoja kwa sheria, na tume iliyoongozwa na Kawawa ikachunguza namna ya kulitimiza jambo hilo. Mwalimu alikuwa na hoja, wala si hoja ya kupuuzwa. Alisema kwamba penye vyama viwili visivyotofautiana katika jambo kubwa la taifa, ushindani huwa ni wa makundi tu. Na kwamba penye chama kimoja kilicho sawa na taifa lenyewe, watu waweza kupewa uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua mtu, kwa vile kumwangusha mtu hakutaiangusha nchi. Hata msomaji asiyekubali mwisho wa hoja hiyo atakiri kwamba watu waliona waliyoyaona mwaka 1960, wabunge wakipita bila ya kura, na kwamba dawa ilitakiwa.

Dawa ilitolewa Septemba 1965. Katika karibu kila jimbo miongoni mwa majimbo 107 walisimama wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Walihutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili peke yake, wasiruhusiwe kutaja kabila wala dini wala rangi, wala kudai kwamba Rais anawapendelea. Wapo waliodhani jembe lina bahati kwa wakulima; wengine wakajibu kwamba mkulima naye hulala nyumbani. Lakini karatasi ya Rais ilikuwa na jina moja. Mtu aliulizwa kama anamtaka au hamtaki, basi.

Katika jimbo la mpimaji mmoja wa wagombea alikuwa Paul Bomani, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mpimaji alikuwa mtu wa ushirika tangu kucha za miguu. Kazi yake, nyumba yake ya bati, ada za watoto wake, vyote vilitoka kwenye mizani ambayo Bomani aliwasaidia wakulima kuishika. Lakini vikao vya jioni vilikuwa vimebadilika. Watu walinung'unika juu ya makato yaliyofanywa na vyama kabla mkulima hajapewa fedha yake, na juu ya makarani waliojisahau. Na manung'uniko ya namna hiyo hayakuwa ya Mwanza peke yake, kwa maana mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima. Zaidi ya hayo, Waziri wa Fedha ndiye mwenye kodi. Mtu akiwa mbali hulaumiwa kwa mvua pia.

Usiku wa kuamkia kura, mke alikuwa akichambua dengu katika ungo.

"Baba watoto, wasema nini kesho?"

"Nawezaje kumkataa mtu aliyenipa mizani?"

"Alikupa uipime pamba ya kila mtu, au uipime ya kila mtu isipokuwa yake?"

Hakujibu. Alitoka nje akakaa penye jiwe mpaka taa za mitumbwi ya wavuvi wa dagaa zikaanza kupungua ziwani. Kulipokucha alikwenda kituoni, akaweka ndiyo kwa Rais kwa moyo mweupe, na katika karatasi ya pili akaweka alama kwa yule mwingine. Hakumwambia mtu kwa miaka mingi.

Bomani alishindwa. Waziri mmoja zaidi alianguka pamoja naye, na manaibu kadhaa, na wabunge wengi waliotaka kurudi hawakurudi. Wageni waliokuja kuutazama uchaguzi wa chama kimoja kwa dharau waliondoka wakiwa na maneno machache. Kwa hakika halikuwa jambo dogo: katika nchi ipi ya jirani, mwaka huo, wakulima waliweza kumwondoa Waziri wa Fedha kwa kipande cha karatasi, kisha wakarudi majumbani kulala bila ya hofu? Rais naye alipata zaidi ya 96 katika kila mia.

Haukupita muda Bomani akarudi Bungeni kwa njia nyingine isiyopitia jimboni, akapewa Wizara ya mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo. Alikuwa mtu hodari na nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Serikali ilimhitaji, na miaka iliyofuata ya utumishi wake, nyumbani na kisha Marekani alikokuwa balozi, haikuwaaibisha waliomrudisha. Mpimaji aliisikia habari hiyo katika redio ya dukani. Alipumua kwanza kwa faraja, kama mtu aliyesamehewa deni, kwa kuwa alikuwa amemwonea haya Bomani kila siku tangu siku ya kura. Kisha, akiwa njiani kurudi nyumbani, faraja ikamgeuka kuwa hasira. Kama aliyewekwa chini aweza kuinuliwa na mkono mwingine, basi usiku ule wa penye jiwe ulikuwa wa nini? Aliposimuliwa hayo, mkewe alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alisema kwamba goti lililoliinua gunia safari hii lilikuwa goti la baba yao wote, na kwa hiyo hapana wa kupiga kelele.

Neno hilo lilikuwa kali, tena lilikuwa na upungufu. Kura za Mwanza hazikupotea zote. Jimbo lilipata mbunge liliyemtaka, na kila waziri aliyebaki alijua kwamba cheo si ngao. Lakini mke aligusa jambo ambalo mumewe alilitafuta muda mrefu asiweze kulitamka, nalo halikumhusu Bomani kamwe. Alikuwa akisema uzeeni kwamba ndiyo yake ya mwaka 1962 na ndiyo yake ya mwaka 1965 alimpa mtu yule yule, kwa mapenzi yale yale, na lau majina yangalikuwa kumi angalimchagua huyo huyo. Ila ile ya kwanza ilikuwa na uzito na ya pili haikuwa nao, na hakuweza kujua alimpa Mwalimu kitu gani ile mara ya pili.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Uchaguzi wa 1970, wa 1975 na wa 1980 ulikuwa wa Nyerere peke yake; wa 1985 na wa 1990 ulikuwa wa Ali Hassan Mwinyi peke yake. Kati ya hiyo, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mizani ikapita katika mikono mingine. Mpimaji alikabidhi funguo za banda, akarudi kulima. Hakuwa na kinyongo cha kudumu. Picha ya Mwalimu ilikaa ukutani mwake, juu ya kalenda, na hakuiondoa.

Mwaka 1992 sheria ya chama kimoja ikafutwa, na tarehe 29 Oktoba 1995 watu wa bara wakaitwa tena. Majina yalikuwa manne: Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba, na John Cheyo wa Bariadi, Msukuma, ambaye watu walimpa jina la Bwana Mapesa. Miaka 33 ilikuwa imepita tangu jina la pili lionekane kwenye karatasi ya Rais. Wajukuu walibishana usiku kucha, mmoja kwa Mrema, mmoja kwa Mkapa, na mmoja akasema Msukuma ampigie Msukuma mwenzake. Yule wa mwisho bibi yake alimtuma kuteka maji ziwani, usiku huo huo.

Mzee alifika kituoni kabla ya jua, akitegemea fimbo, mkewe akiwa mbele yake. Hapakuwa na mtu mwingine bado isipokuwa mawakala wa vyama na msimamizi, kijana wa shule, aliyekuwa akitoa makaratasi katika mfuko. Sanduku lilikuwa juu ya meza, kifuniko kikiwa wazi. Mzee alimwomba msimamizi alipindue.

"Babu, hamna kitu ndani," alisema kijana.

"Najua, mjukuu wangu. Lipindue nilione."

Kijana akalipindua, akaligonga chini yake mara mbili kwa kiganja. Mzee alilitazama kwa muda, kama alivyoutazama mshale mpaka utulie, kisha akampisha mkewe apige kura kwanza.